Majembe Chini ya Turubai

Wako watu wanaodhani kwamba aliyesema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" alikuwa mchoyo aliyechoka kulisha watu. Hao hawajamjua mgeni, wala hawajalijua jembe. Waliokuwapo Kabambare mwaka ule mvua zilipowahi, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, wanaijua maana yake sawasawa, na mpaka leo wanaisimulia vifua mbele.

Fidèle alikuwa kijana wa kwanza wa kijiji chake kwenda kusoma Ulaya. Likizo moja alirudi nyumbani na mwanafunzi mwenzake wa Kibelgiji, Raphaël, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka bahari maishani mwake. Walikusudia kwenda kwa gari kutoka Kasongo mpaka Ziwa Tanganyika. Mwenzao wa tatu alikuwa Théophile, rafiki wa Fidèle tangu shule ya mapadri, aliyeazima kamioneti ya mjomba wake. Raphaël alifurahi kama mtoto siku ya sikukuu. Njia nzima alikijaribu Kiswahili alichofundishwa na Fidèle, akisalimia hata mbuzi.

Walipokwisha kupita Kabambare, mvua ya kwanza ikawakuta. Enzi hizo, mvua ikinyesha, mlinzi wa barabara alishusha gogo la kizuizi, na hakuna gari lililopita mpaka udongo ukauke. Kwa bahati kijiji cha kina Fidèle kilikuwa papo hapo kando ya kizuizi, basi wakaenda kulala kwa mama yake, Mama Léocadie.

Siku mbili walikula wakashiba. Mama Léocadie alichinja jogoo, akapika wali na sombe ya majani ya muhogo. Lakini Fidèle alimwekea Raphaël kiti cha peke yake, meza ya peke yake na uma, kisha yeye na Théophile wakaenda kula jikoni. Raphaël akiinuka kushika ndoo ya maji, Fidèle alimnyang'anya. Jioni ya siku ya pili yule mgeni alimwuliza Théophile kwa huzuni, "Fidèle nimemkosea nini? Kwetu tulikuwa ndugu. Hapa ananiogopa."

Ukweli ni kwamba Fidèle alikuwa na hofu tele moyoni. Alimjua mama yake. Kwake siku ya tatu kila mgeni alipewa jembe, awe shemeji au mwalimu wa dini. Tena Bulaimu, kapita wa kijiji, msimamizi aliyewekwa na serikali, alikuwa amekuja kuonya.

"Mama Fidèle, ninakujua weye," alisema Bulaimu. "Kesho iko siku ya tatu. Watu wa serikali wakiona muzungu na jembe mu shamba yako, watanitoa mu ukapita!"

"Kapita, miye sina mugeni muzungu," alijibu Mama Léocadie. "Niko na mugeni tu."

Fidèle aliposikia hayo alichukua majembe yote ya mama yake, akayaficha kwenye kamioneti chini ya turubai. Alijiona mjanja kweli.

Asubuhi ya tatu mvua ilikatika. Udongo ulikuwa laini, na wanawake wa kijiji walitoka mbio kulima mashamba ya karanga kabla haujakauka. Mama Léocadie alitafuta majembe yake uvunguni, akatafuta nyuma ya nyumba, asiyaone. Fidèle alikuwa akitazama mawingu. Mara Raphaël, aliyekwenda garini kutafuta viatu vyake, akarudi na majembe matatu begani.

"Fidèle," aliuliza, "haya tunakwenda nayo ziwani?"

Théophile alicheka mpaka akashika mti. Mama Léocadie hakucheka. Alimgeukia mwanawe.

"Fidèle, kule Ulaya kwa kina Raphaël, siku ya tatu ulifanya nini?"

"Baba yake alinipa reki, mama. Tulikusanya majani ya ng'ombe."

"Ulikasirika?"

"Hapana." Sauti ya Fidèle ilishuka. "Nilifurahi. Kabla ya hapo watu wa kwao walikuwa wananiita paka mweusi wa Raphaël. Siku ile ndiyo walianza kuniita Fidèle."

"Basi ule baba alikupa heshima. Na weye unamunyima mutoto wake? Juu ya nini? Unaona jembe yetu iko azabu?"

Fidèle aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Akachukua jembe moja begani kwa Raphaël, akamwachia moja, la tatu akampa Théophile, ambaye kicheko kilimwishia palepale. Mama Léocadie akaazima lake kwa jirani.

Raphaël alilima vibaya, tusimsifu bure. Matuta yake yalikwenda upogo, na wanawake walimcheka waziwazi. Mama Léocadie alimrudisha mwanzo wa tuta kama anavyomrudisha mwanawe. Mchana mlinzi aliinua gogo, na gari la kwanza kupita lilikuwa la mzungu wa serikali. Likasimama kando ya shamba. Bulaimu akatokomea nyuma ya nyumba.

Mzungu yule alimwuliza Raphaël kwa Kifaransa anafanya nini pale. Raphaël alifuta jasho, akajibu kwa Kiswahili, kijiji kizima kisikie: "Ninamlimia mama."

Fidèle alikuwa bega kwa bega naye, kichwa juu, na katika vitabu vyake vyote hakuwahi kujiona mkubwa kama alivyojiona akiwa na udongo ule miguuni. Mzungu alitazama, akaondoka zake. Bulaimu alipotoka mafichoni alisema kwamba tangu mwanzo shauri hilo lilikuwa lake.

Siku hiyo hakuna aliyetandika meza. Vijana watatu walinawa, wakakaa mkekani, wakala katika sahani moja, Raphaël akiwa na malengelenge viganjani yaliyomfanya ashike tonge kwa taabu na kucheka.

Walipoondoka kesho yake, Mama Léocadie hakumwambia Raphaël kwaheri.

"Mutoto wangu, musikawie kule ziwani," alisema. "Mukirudi, palizi inawangojea."

Raphaël alisimulia maneno hayo njia nzima kama mtu aliyevishwa taji. Kweli, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.