Herufi za Mbao za Kitanda

Wahenga walisema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kuitamka methali hiyo koleo linapovunjika mikononi mwa jirani. Likivunjika lako, ulimi huwa mzito.

Mchapaji mmoja alirithi kwa shangazi yake mashine ya kuchapia ya mkono na sanduku la herufi za mbao. Kwa herufi hizo alichapa mabango ya harusi, michezo na minada. Asubuhi moja alifungua sanduku akakuta mchwa wamemtangulia. Alishika herufi moja, ikamvunjikia kiganjani kama biskuti. Alilia kama aliyefiwa, maana kila herufi ilikuwa imechongwa na shangazi mwenyewe. Tena kesho yake kikundi cha maigizo kingekuja kuchukua mabango ya mchezo wao wa kwanza.

“Basi, nafunga,” alimwambia mumewe, mshona viatu. “Shangazi kaniachia kazi, mimi nimewalisha mchwa.”

“Mikono yako hawajaila,” mumewe akajibu. “Kwani shangazi hakukufundisha kuchonga?”

“Nichonge nini, baba watoto? Mbao ziko wapi?”

Mume alikuna kichwa, akaingia chumbani, akatoka amekumbatia chaga za kitanda chao.

“Leo tunalala chini. Mgongo ukilalamika, nitausikiliza kesho.”

Chaga zilikuwa nyembamba, hivyo herufi nazo zikawa hazina pa kutanuka. Zilitoka ndefu, za mistari minene, zimebanana bega kwa bega. Mchapaji alichonga zile tu zilizohitajika, kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke, kwa kisu cha kukatia ngozi. Muda wa kupiga msasa haukuwepo. Wino ulipokamata karatasi, nyuzi za mbao zilionekana, na kingo zilijaa mikwaruzo. Mchapaji aliona aibu.

Kiongozi wa kikundi, aliyeitwa Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, alipolitazama bango alishika kiuno.

“Dada, herufi gani hizi? Zimesongamana utadhani zinagombania mlango!”

“Kama huzitaki sema, nichane,” mchapaji alijibu kwa sauti ndogo.

Kipaza alichukua bango moja shingo upande, akalibandika ukutani nje, akavuka barabara kwenda zake. Alipofika ng'ambo aligeuka. Alilisoma lote kutoka kule, hata saa ya mchezo iliyoandikwa chini, bila kukunja uso. Akarudi mbio.

“Dada, bango lako lina sauti kunishinda mimi! Chapa na mengine yote!”

Mchapaji alicheka huku machozi yakimtoka. Baadaye wateja walianza kuziulizia zile herufi zenye mikwaruzo, naye akachonga nyingine. Herufi za shangazi hazikurudi, na hakuacha kuzililia. Hata hivyo mashine haikunyamaza, na aliyekuwa mchapaji alibaki mchapaji. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.