Blanketi Haliendi Visiwani

Sogea. Sogea bado, ukuta huu nao una masikio. Shika sikio lako useme, "Nikilitoa neno hili, ulimi wangu uote upele." Umesema? Usimung'unye, sema nisikie. Haya. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo na aliyeniambia, na siri yake nimeitunza vizuri sana: sijamwambia mtu ila wale wa kisimani, na wawili watatu kwenye msiba wa juzi, na sasa wewe. Basi sikiliza, maana likibaki tumboni litanivimbisha.

Mwaka huo kipupwe kilipanda Mlima Mzizimo kikakataa kushuka. Asubuhi umande uliganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Maji ya kunywa yaliuma meno. Nyani walikaa wamekumbatiana hata mtu hajui mkono huu ni wa nani. Simba mwenyewe, mfalme wa mlima, alipofungua kinywa angurume, kilitoka kikohozi. Ukimwuliza, "Mfalme, unatetemeka?" anakujibu, "Sitetemeki. Nakung'uta manyoya."

Lakini mwenye shida ya kweli alikuwa Mama Tunu, yule digidigi wa kule kwenye majabali. Mwanawe Tunu alizaliwa baridi ikiwa imeshaingia, miguu kama njiti za kiberiti, na kifua kilimbana kutwa kucha. Mali yote aliyokuwa nayo mama huyo ni kijiblanketi kimoja cha sufu. Mtoto akifunikwa analala. Akifunuliwa anakohoa mpaka macho yanamtoka.

Sasa Sungura. Si unamjua Sungura? Yule akikusalimia tu, jiulize anataka nini. Shimoni kwake hakuwa na kitu ila majani makavu, kwa sababu wakati wenzake wanafuma na kushona, yeye alikuwa anaota jua na kuwacheka. Baridi ilipomfika kwenye mifupa, akakaa akawaza mpaka masikio yakamsimama. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Bi Kanga.

Kanga naye alikuwa na sifa yake. Ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri unalisikia kwa mtu mwingine, limeshatiwa chumvi na pilipili.

"Dada Kanga," Sungura akasema, "nina siri. Lakini naogopa, mdomo wako hauna kifuniko."

"Mimi? Mimi kaburi!" Kanga akajibu, shingo imeshanyooka.

"Kuna visiwa katikati ya bahari. Kipupwe hakijui njia ya kule. Mchanga una joto kama ugali ulioepuliwa sasa hivi, na jua likizama linazama kwa shingo upande. Kasa wa huko ni wakwe zangu. Wamekubali kutubeba mgongoni twende tukapumzike mpaka baridi ipite. Ila nafasi ni chache, dada yangu. Usimwambie mtu."

Basi. Jua halijafika utosini, mlima mzima ulikuwa mlangoni kwa Sungura. Kila mmoja alikuja kwa kunyata, na kila mmoja alishangaa kuwakuta wenzake, maana aliambiwa ni yeye peke yake.

Fisi ndiye aliyekuwa mbele. "Huko kuna kula?"

"Kaka Fisi, unauliza kula? Samaki wanatoka majini wenyewe, wanajilaza ufukweni, wanakungoja."

Mate yalimtoka Fisi yakamgandia kidevuni.

"Kila mmoja alete masurufu ya njiani," Sungura akasema. "Viazi, karanga, mwenye nyama kavu alete nyama kavu. Na jambo la pili, kubwa kuliko hilo: blanketi haliendi visiwani."

Watu wakatazamana. "Kwa nini?" akauliza Nyani.

"Nyani, nikujibu kwa swali. Mgeni akija kwako amebeba ugali wake kwapani, utamchukuliaje?"

"Atakuwa amenitukana mbele ya mke wangu."

"Ehe! Visiwa vile sifa yake ni joto. Ukishuka na blanketi umemwambia mwenyeji, mbele ya wanawe, kwamba joto lake si lolote. Na Kasa ni watu wa heshima. Wakija kutuchukua wakaona hata blanketi moja limeanikwa huku, watageuza hapo hapo, na habari itafika visiwani kabla yetu. Yaleteni kwangu leo. Nitayatunza, mkirudi mtayakuta."

Wakakubali. Wa mlimani ni watu wa haya. Heri alale na njaa kuliko kusemwa kwamba alikuwa mgeni mbaya.

Simba alijikunyata kidogo. "Hata langu? La kifalme?"

"Mfalme, lako kwanza. Kule hawajawahi kuona simba. Sasa siku ya kwanza wakuone umejifunika gubigubi kama bibi mwenye homa?"

Simba alilivua blanketi akalitupa kama limeshika moto.

Fisi alileta mguu mmoja wa nyama kavu. Aliutoa, akaurudisha, akaulamba, akautoa tena, na Sungura akauvuta kwa mikono miwili ndipo ukaachiwa.

Mama Tunu alibaki wa mwisho. "Bwana Sungura, langu ni dogo, la mtoto. Nikikaa nalo mpaka siku ya safari itakuwaje?"

"Mama Tunu, kwani mimi namfikiria nani kuliko wewe? Kikohozi hakijui kuogelea. Mwanao akikanyaga mchanga ule, kifua kinafunguka kama mlango. Lakini wote wameleta. Mlima mzima uaibike kwa kitambaa cha mtoto?"

Macho yote yakamgeukia. Mama Tunu akamfunua mwanawe, akalikunja blanketi vizuri, akalitoa. Tunu akaanza kukohoa pale pale.

Ikaanza mipango sasa. Wee, ungewaona! Baridi inawakata, meno yanagongana, na bado midomo haifungi kwa habari za visiwani. Ngiri alijizoeza kupanda kasa juu ya mgongo wa Kobe, mpaka Kobe akalia, "Jamani, mimi ni binamu yake tu, mimi sielei!" Nyani waligombana siku nzima jinsi ya kushika dafu, na hapo hakuna aliyewahi kuliona dafu. Fisi alisema atafunga kula ili tumbo liwe na nafasi ya samaki. Alifunga tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana. Simba alikaa juu ya jabali ameinua uso kwenye mawingu. Akiulizwa, anasema anazoea jua.

Na safari? Kila ukienda kuuliza, Sungura ana jawabu. Leo Kasa wanataga mayai, na mwenye kutaga haharakishwi. Kesho mwezi umekaa vibaya. Keshokutwa kuna harusi kule visiwani na nyumba zimejaa.

Kifua cha Tunu kikazidi. Asubuhi moja Mama Tunu akaja mlangoni kwa Sungura, macho mekundu.

"Kaka, nirudishie blanketi. Visiwani nitakwenda mwaka mwingine."

"Taratibu, mama."

"Taratibu ya nini? Mtoto hanyonyi!"

Sungura aliona majirani wameanza kusogea, na mwenzao akirudishiwa lake, nao watataka yao. Akapanda juu ya kichuguu akajipiga kifua.

"Ndugu zangu! Machozi ya mama huyu yamenishinda. Singoji tena. Nakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu hii, nikawalete Kasa."

Hapo hata waliokuwa na manung'uniko waliona haya. Na kwa kuwa mlimani hakuna anayeondoka bila kusindikizwa, wakamsindikiza. Walimwimbia. Kanga alilia mpaka akapaliwa. Fisi alimbebea mkoba, akiunusa kila hatua. Walipofika kwenye kona ya bonde, Sungura akageuka.

"Rudini, wapenzi wangu. Mkifika mbali mtanitia simanzi."

Wakarudi wakifuta macho. Naye alikwenda hadi walipopotea machoni, akazunguka nyuma ya kilima, akaingia shimoni kwake kwa mlango wa uani, akauziba kwa ndani. Mlango wa mbele alikuwa ameshauziba kwa jiwe na miiba, eti wezi wasije wakaiba mali za watu. Akatandika mablanketi yote, moja juu ya jingine mpaka dari. Akawasha makaa chunguni, akatia viazi, akajinyoosha. "Kipupwe," akasema, "gonga kwa majirani."

Siku chache baadaye Mama Tunu alikuja tena kwa Sungura, mtoto mgongoni. Hakujua amefuata nini. Labda Kasa wamefika. Labda jiwe litasogea kidogo aingize mkono alivute lake. Mlima wote ulikuwa mweupe kwa umande ulioganda. Lakini pale juu ya nyumba ya Sungura aliona majani ya kijani, yamelowa, duara lenye upana wa mikeka kadhaa.

Akakanyaga. Kwato zikapata joto.

Hakuuliza joto la nani. Alimlaza Tunu pale, tumbo chini. Mtoto akakohoa mara moja, akahema, akalala. Akaamka, akatafuta ziwa la mama yake akanyonya.

Kanga akapita. "Mama Tunu! Mbona mwanao simsikii? Usiniambie…"

"Nyamaza utamwamsha. Kanyaga hapa."

Kanga akakanyaga, akaruka. "Yarabi! Udongo una homa!"

"Kanga, usiwaambie watu, watajaa."

Ungeiambia mvua isinyeshe. Kitambo kidogo tu walikuja wote. Nyani walikuja, Ngiri akaja na watoto, Kobe akafika wa mwisho akiomba apishwe. Walibanana pale juu, mgongo kwa mgongo, wakicheka kwa raha. "Kama huku ndiko hivi," Ngiri akasema, "huko visiwani patakuwaje?"

Fisi hakuwa anacheka. Pua yake ilikuwa chini, inakwenda huku na huku.

"Nasikia harufu."

"Wewe lini husikii harufu?" Nyani akamwambia.

"Mafuta yanayeyuka. Nyama inapashwa moto. Huu ni mguu wangu!" Akaanza kufukua, udongo ukiwarukia wenzake usoni.

"Mguu wako si huo unaochimbia? Acha kututia vumbi!"

"Nimelala na nyama ile mwezi mzima, nitaisahau harufu yake?" Akafukua, akafukua, dari ya Sungura ikazidi kuwa nyembamba.

Ndipo Simba akatokea. Watu walimtengea nafasi nzuri ukingoni, lakini alisimama ameinua kidevu.

"Mfalme hakai pembeni. Mfalme anakaa kati."

"Mfalme, hapo kati Fisi amechimba…"

"Kati!"

Mama Tunu akamchukua mwanawe upesi akasogea kando. Simba akaja katikati, akajizungusha, akakaa kwa uzito wake wote.

Ardhi ikasema *kruu*. Kisha ikasema *bum*.

Simba alizama, mkia ukafuata. Vumbi likapanda, nyani wakapiga kelele, na lilipotulia wote waliinama ukingoni kutazama.

Simba alikuwa ameketi juu ya lundo laini kabisa, hajaumia hata ukucha. Na mbele yake, ana kwa ana, alikuwa Sungura. Blanketi la kifalme amelitupia mabegani. Kijiblanketi cha Tunu amekifunga kichwani kama kilemba. Mkono mmoja kiazi cha moto, mkono wa pili karanga, na shavu limevimba kwa zile alizokwisha kuzitia mdomoni. Jasho linamtiririka. Kando ya chungu cha makaa, ule mguu wa Fisi unaning'inia unatona mafuta.

Sungura akatafuna pole pole, akameza. Akatazama juu, nyuso za mlima mzima zimemzunguka.

"Karibuni visiwani," akasema.

"Sungura!" Simba akanguruma, na safari hii hakikutoka kikohozi.

"Mfalme, nimerudi sasa hivi tu. Nimewaacha Kasa hapo kwenye kona, wanafunga viatu."

"Na mablanketi?" Ngiri akauliza.

"Niliyaonea huruma, yalikuwa yanapata baridi."

Kanga akashuka hadi ukingoni kabisa, mabawa kiunoni. "Bahari yote hiyo umevuka, hata unyayo wako haujaingia tope! Nililia juu yako mpaka nikapaliwa, wewe mtu!"

Sungura akageuza macho kwenye mlango wa uani. Fisi alikuwa ameshatumbukia ndani na kukaa hapo, nyama yake mdomoni, meno mengine yamebaki wazi kwa mgeni mwingine yeyote. Akatazama mlango wa mbele. Jiwe na miiba alivyoviweka kwa mkono wake vilikuwa pale pale.

Mama Tunu alishuka kwenye udongo ulioporomoka. Hakumtukana. Alikifungua kilemba kichwani mwa Sungura, akakikung'uta maganda ya karanga, akamfunika mwanawe. Sungura akabaki katikati ya watu wote, masikio nje, kiazi kinampoa mkononi.

Aliaga anakwenda ng'ambo ya bahari, akafikia nyuma ya nyumba yake. Njia ya mwongo ni fupi.