Pumzi za Namwaka

Hapo zamani, na atakayeniuliza zamani ipi nitamtoa nje, alikuwako mchongaji mmoja kwenye nchi ya mipingo, jina lake Nantembo. Jamani, yule mtu alijua kuchonga! Mnacheka? Akichonga kuku, majogoo wa mtaa mzima wanakuja kugombana. Akimchonga mwanamke, mumewe analisalimia gogo na kungoja jibu.

Lakini mkono ule ulikuwa na laana. Ujanani Nantembo alikata mpingo uliomea juu ya kaburi, bila kuwaomba wenye kaburi. Tangu siku hiyo, kila aliyekaa mbele yake achongwe, pumzi zake zilihamia kwenye mti, kidogo leo, kidogo kesho. Macho huchongwa mwisho. Siku sanamu inapopata macho, aliyechongwa anakata roho, naye Nantembo anapata nguvu mpya. Akikaa muda bila kuchonga mtu, anatweta, karibu afe. Kwa hiyo alichonga. Alichonga wanawake watano, na wote watano wakazikwa.

Mtaniuliza, watu hawakuona? Wataonaje! Kwao kazi ya mchongaji haitazamwi mpaka iishe. Inafunikwa kaniki, na kuichungulia ni aibu kuliko kuiba. Waliona sanamu imekamilika, nzuri ajabu, na huku kuna msiba, wakasema, "Masikini, angalau ameacha sura." Kuchongwa kukazidi kuwa heshima.

Wa sita alikuwa Namwaka, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika toka kisimani. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Dada, sijawahi kuchonga tumbo lenye mtu," Nantembo alimwambia. "Nikubalie."

"Ukinitoa mbaya, tutagombana mpaka shambani kwako!" akajibu Namwaka, akakaa kitini.

Wiki ya kwanza kicheko kikaisha. Wiki ya pili akawa anashikwa mkono kwenda na kurudi. Wiki ya tatu hakuweza tena kuinuka kitandani, na mtoto tumboni akaacha kucheza.

Sasa, Nantembo alikuwa na mke, Sihaba. Kazi yake ilikuwa kuisugua sanamu kwa majani ya msasa, yale makali yanayolainisha mti, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuifunua kaniki. Mara tano alishika mti ukawa na joto la mwili. Mara tano alifunga mdomo, maana aliyetweta alikuwa mumewe. Siku hiyo alikuwa analisugua tumbo la sanamu ya Namwaka. Akasugua, akasugua, na mti ukampiga teke. Mtoto alikuwa anacheza ndani ya gogo!

Sihaba alitupa majani, akaenda moja kwa moja kwa Namwaka.

"Mwenzangu, mume wangu anakumaliza. Nilijua siku nyingi nikanyamaza. Mwanao yuko kwenye gogo letu."

"Sihaba," Namwaka alinong'ona, "ukiyasema haya huna nyumba tena."

"Basi sina."

Wakamwita Chilumba, mkata mipingo, mtu wa maneno machache. Akawaambia, "Gogo likipasuliwa, pumzi zinarudi kwa mwenyewe. Lakini nikilipasua hovyo, zinapotea. Lazima nifuate ufa wake wa ndani, kwa pigo moja tu. Na anayepasua gogo lenye laana, mkono wake unakauka." Akautazama mkono wake wa kulia, uliomlisha tangu utoto. Akasema, "Nipeni kabari."

Sihaba na Chilumba wakaenda kwa Nantembo, kijiji kizima kikiwafuata, jua likiwa utosini. Sihaba akaivuta kaniki mbele za watu wote. Lo! Sanamu ilikuwa nzuri hata waliokuja na hasira wakasahau. Shingo, mabega, tumbo lile! Yalibaki macho tu.

Chilumba akaweka kabari. Mara akatokea Nantembo, patasi mkononi. Alihitaji kugonga mara mbili tu, jicho hili na jicho lile, aendelee kuishi. Watu wakarudi nyuma.

Nantembo aliitazama kazi yake. "Sijawahi kuchonga hivi," akasema. "Wala sitachonga tena hivi." Na tumbo la mti likatikisika machoni pake. Patasi ikamdondoka. Akaketi chini, akalipakata gogo.

"Chilumba, si hapo. Ufa umepinda nyuma ya sikio, nimeupapasa siku zote hizi. Ukipiga hapo unamuua. Piga hapa."

"Na wewe kaka?"

"Nimesema piga!"

Chilumba akapiga. Mpingo ukafunguka vipande viwili, na kule nyumbani Namwaka akavuta hewa, akapiga ukelele uliosikika kijiji kizima. Mkono wa Chilumba ukakaukia kwenye mpini wa nyundo. Nantembo alikata roho kabla ya jioni.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Kwa watu wale, mtoto hupewa jina la aliyemtendea wema mkubwa kuliko wote, awe mwanamume au mwanamke, na hupewa jina moja tu. Mwenye jina hilo hasahauliki. Asiye nalo anasahauliwa, basi.

Sihaba akasimama. "Nilimtoa mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nani kati yenu angeweza?"

"Mara tano ulinyamaza!" wakamjibu.

"Naam. Na ya sita nikasema."

Chilumba akauinua mkono wake mkavu kwa mkono wa kushoto. "Mimi sina hotuba. Tazameni."

Kisha Namwaka akasema. "Nantembo alikuwa ananila, najua. Lakini pigo la Chilumba lingeniua bila kidole cha Nantembo. Alikuwa na uhai wake mkononi, akamchagua mwanangu."

"Na wetu watano mbona hakuwachagua?" wakalia ndugu wa wale waliozikwa.

Mimi namstaajabia kila mmoja wao, hata yule mla watu. Ndiyo, nimesema! Mwenye kununa anune.

Basi, jina hutamkwa sikioni mwa mtoto na bibi mkubwa kuliko wote kijijini. Mkubwa alikuwa Bi Nachenga, mama wa mwanamke wa kwanza aliyechongwa, wa kwanza aliyezikwa. Wakampa mtoto. Akampakata, akamtazama sana, akainama.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, msinitazame mimi. Mtoto anasubiri, na bibi amekwisha fungua mdomo. Je, amwite nani?