Ukurasa wa Ndiva na Fomu ya Bi Tunu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana tangawizi ya msimu ule mpaka leo kuna watu wanayo stoo, palikuwa na shule huko milimani Upareni, ikiitwa Kighongoni. Sogeeni. Wewe wa nyuma, weka huo muwa chini. Kisa hiki kina hukumu ndani yake, na hakimu ni wewe.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo aliitwa Mrutu, mtu mpole, mwenye koti moja na hofu nyingi. Darasa lake la sita lilikuwa na watoto sitini na vitabu vinne vya jiografia, na kimoja katika hivyo vinne kilikuwa hakina Afrika, imechanwa. Basi siku Bi Tunu, afisa wa mradi mmoja wa elimu, alipopanda mlima na gari la mradi, akashusha vishikwambi kumi na viwili, vile vioo vya kuandikia kwa kidole, Mrutu alishika ukuta asianguke kwa furaha.

"Nimewaazima," Bi Tunu akasema. "Darasa la sita watengeneze ukurasa kwenye mtandao, wafanye kwa pamoja, ninyi walimu mkiwasaidia. Mwisho wa muhula nakuja kuona. Nikiridhika, mtaniandikia kwenye fomu jina la mwalimu mmoja aliyestahili. Huyo atakwenda chuoni mwezi mzima, atarudi kuwafundisha wenzake, na vishikwambi vitabaki hapa moja kwa moja. Fomu ikikosa jina, navipeleka shule ya ng'ambo ya bonde."

Shule ya ng'ambo! Mwalimu mkuu wa huko alikuwa shemeji yake Mrutu, mtu aliyezawadiwa saa ya ukutani miaka mitano iliyopita na hajaacha kuitaja. Lakini tusimcheke Mrutu. Tangu vishikwambi vije, watoto tisa waliokuwa wanatoroka kwenda kupalilia tangawizi walikuwa wamerudi darasani wenyewe, bila kufuatwa. Hao ndio aliokuwa akiwaza.

Bi Tunu akawafundisha walimu siku tatu. Siku ya kwanza akawafungulia ukurasa mmoja wa mazoezi, wa wote, akasema, "Andikeni, kila mtu anaweza kuandika, wote kwa mpigo." Madamu Veneranda hakuandika, maana mwalimu mkuu hajaandika. Mwalimu Idrisa hakuandika, maana Madamu Veneranda hajaandika. Mwalimu mkuu hakuandika, maana yupo Mwalimu Namsifu, na Mwalimu Namsifu ndiye aliyemfundisha yeye Mrutu kusoma na kuandika, na mpaka leo akikutana naye njiani anamwamkia huku amevua kofia. Mwalimu Namsifu naye hakuandika, maana mgeni ndiye hutangulizwa. Dakika ishirini, ukurasa mweupe pee! Mwishowe Bi Tunu akaandika "karibuni", na Mwalimu Namsifu akamsahihishia, herufi ya kwanza iwe kubwa. Hivyo ndivyo Kighongoni walivyoingia kwenye mtandao.

Watoto wakachagua kuandika habari za ndiva, lile bwawa la maji ya mfereji linalofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi ili kila ukoo umwagilie kwa zamu yake. Haya, kazi ikaanza.

Kwanza ulitafutwa mtandao, na mtandao Kighongoni hautulii mahali pamoja. Aliyeupata ni Mwalimu Idrisa, kijana wa hesabu. Aliupata anaanika nguo. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye mlingoti wa bendera wa zamani nyuma ya ofisi, akapanda kiti aifunge juu zaidi, simu mfukoni ikaanza kuita kama imechanganyikiwa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliitia simu ndani ya soksi, akaipandisha mlingotini kwa kamba ili ivigawie vishikwambi mtandao. Na watoto, kwa mazoea, wakiona kitu kinapanda mlingoti, walisimama wima, mikono ubavuni, mpaka soksi ifike juu. Mrutu mwenyewe mara mbili alijikuta amesimama.

Idrisa huyo huyo ndiye aliyeutengeneza ukurasa, kwa mikono yake, mpaka macho yakawa mekundu. Lakini darasani kwake watoto kumi na wawili walishika vishikwambi, arobaini na wanane wakatazama visogo vya wenzao. Wenye vidole vyepesi waliandika, wengine wakasinzia.

"Hapana," akasema Madamu Veneranda wa uraia. "Hii si kazi ya pamoja, huu ni msiba wa pamoja." Akageuza madawati yakatazamana. Watoto watano watano, makundi kumi na mawili, kila kundi kishikwambi kimoja na sehemu moja ya habari. Hawa waandike nani alijenga ndiva, hawa zamu za koo, hawa faini za wezi wa maji. Na sharti juu yake: anayeandika hasemi, anayesema haandiki, na kila dakika kumi wanabadilishana. Kelele zake zilifika sokoni. Mrutu alikuja mbio na fimbo, akidhani watoto wanauana, akawakuta wanabishana juu ya maji. Akaificha fimbo nyuma ya koti. "Samahani, Madamu. Nilikuwa napita." Na ukurasa ukajaa, sehemu zote kumi na mbili.

Ila nisiwafiche. Kila kundi lilijua sehemu yake tu. Ndiva ile moja ilikuwa imejengwa na watu watatu tofauti katika sehemu tatu tofauti, na hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyesoma ya mwenzake.

Zikabaki siku tatu Bi Tunu aje. Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwalimu Namsifu wa sayansi alikuwa na miaka thelathini na minne kazini na miezi minane ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo hajawahi kufundisha juu ya ubao mchafu, wala kumwachia mwenzake ubao mchafu. Kwake hiyo ilikuwa adabu, kama kunawa kabla ya kula. Akaingia kwenye kipindi chake, akakuta ukurasa uko wazi, umejaa maandishi mpaka chini.

"Nani wa zamu? Mbona hamjafuta?"

"Mwalimu, huu haufutwi," akasema kiranja, binti mmoja mwoga aitwaye Nakijwa.

"Kilichoandikwa hufutwa. Mimi nitaandika wapi, usoni kwako?"

Katika zile siku tatu za mafunzo ya Bi Tunu, Mwalimu Namsifu alikuwa ameandika kwenye daftari lake jambo moja tu, namna ya kushika maandishi yote kwa mara moja na kuyaondoa. Akayashika. Akayaondoa. Alifuta kwenye kishikwambi kimoja, yakafutika kwenye vyote kumi na viwili, na hilo likampendeza sana, akasema kweli haya ni maendeleo. Kisha juu ya ukurasa mtupu akaandika tarehe, na chini yake, "Somo: Mmeng'enyo wa Chakula."

Lo! Saa nne ya mapumziko shule ilikuwa imepinduka. Madamu Veneranda alilia waziwazi. Idrisa alihangaika kuyarudisha maandishi, lakini ukurasa aliutengeneza mwenyewe, na sehemu ya kutunza nakala za nyuma alikuwa bado hajaiweka. Alikuwa anaiahirisha tangu mwezi uliopita. Mrutu akilini aliliona gari la mradi likiteremka kwenda ng'ambo, akawaona na watoto wale tisa wakirudi kwenye majembe. Akaenda amkemee Mwalimu Namsifu. Akafika mlangoni, akavua kofia.

"Mwalimu wangu..."

"Sema, Mrutu."

"Hamna kitu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Najua nilichofanya. Nimeambiwa." Uso wake ulikuwa umesawajika kwa aibu. "Nipe darasa la sita siku hizi mbili. Vipindi vyote."

Akawapanga watoto kwa urefu. Ndivyo alivyopanga watoto maisha yake yote, wafupi mbele, warefu nyuma, na ya makundi ya Veneranda hakuyajua wala hakuyauliza. Watano watano kwa kimo. Basi ikatokea kwamba karibu kila kundi lina watoto wa sehemu tofauti tofauti, huku aliyeandika wajenzi, kule aliyeandika zamu, kwingine aliyeandika faini, kila mmoja na chake kichwani.

"Ndiva ilijengwa na nani?" akauliza.

Yakatoka majina matatu.

"Haliandikwi neno mpaka darasa zima likubali. Mkabishane."

Wakabishana mpaka wakakauka koo. Wakaenda nyumbani kuuliza mabibi, wakarudi, wakabishana upya. Wakaenda wote sitini kwa mfunguaji wa ndiva, mzee wa watu akadhani amefanyiwa mkutano wa kuondolewa. Idrisa akapandisha soksi alfajiri na kuishusha magharibi, na nakala safari hii akazitunza. Veneranda akazunguka kwenye makundi, sasa wewe sema, sasa wewe andika. Hata ukurasa ukarudi, mfupi kuliko wa kwanza, na ndiva ikawa na mjenzi mmoja.

Bi Tunu akafika. Ukurasa aliutazama kidogo tu. Akanyoosha kidole kwa Nakijwa, yule mwoga, akamwuliza juu ya zamu za maji, sehemu ambayo hata haikuwa yake. Nakijwa akasimama, akaeleza zamu, akaeleza faini, akaeleza na ugomvi wa maji ambao watu wazima walikuwa wameuficha. Akamwuliza wa pili. Akamwuliza wa kumi. Wote wanajua yote.

"Kurasa nzuri nimeona nyingi," akasema Bi Tunu. "Watoto sitini wanaojua ukurasa wao wote, sijaona. Haya, nipeni jina. Upesi, mvua inakuja na ile kona ya chini inateleza."

Akamwekea Mrutu fomu mezani. Mstari mmoja.

Idrisa akasema, "Jina ni langu. Bila mtandao wangeandika wapi, hewani? Ukurasa nimeutengeneza mimi. Macho yangu haya yatazameni."

Veneranda akasema, "Ukurasa wako ulikuwa wa watoto kumi na wawili. Nani aliwafanya sitini waongee? Bi Tunu alisema wafanye kwa pamoja. Hilo pamoja nimelileta mimi, nikakimbiziwa fimbo."

Mrutu akatazama sakafu.

Mwalimu Namsifu akasema, "Mimi sidai kitu. Mimi nilifuta." Akawatazama wenzake wawili. "Ila ukweli usemwe. Kabla sijafuta, ndiva ilikuwa na wajenzi watatu, na ninyi wawili mlikuwa mnaisifu."

"Mwalimu, kwa heshima zote," Idrisa akaruka, "mtu akikuvunjia nyumba ukajenga nzuri zaidi, utampa zawadi mvunjaji?"

"Alisimama akaijenga pamoja nasi," akasema Veneranda. "Hilo nalikubali. Lakini kuwapanga kwa urefu haukuwa ufundi, Mwalimu. Ilikuwa bahati."

"Na yeye mtandao aliupata kwa ufundi?" akajibu Mwalimu Namsifu. "Aliupata anaanika soksi. Na wewe makundi yako, kama yalitosha, kwa nini kila moja lilijua lake tu?"

Hapo wote watatu wakamgeukia Mrutu.

Mrutu akawaza. Akimwandika Idrisa, amempa aliyefungua mlango, lakini waliokuwa ndani walisinzia. Akimwandika Veneranda, amempa aliyewaamsha, lakini kila mmoja aliamkia chumba chake. Akimwandika Mwalimu Namsifu, amempa aliyewakutanisha kwa kosa, halafu akalisimamia kosa lake mpaka likazaa, na baada ya miezi minane anastaafu na ujuzi wote wa chuoni anaondoka nao. Asipomwandika, miaka thelathini na minne ya mwalimu wake inaishia kwenye kufuta. Na asipoandika jina lolote, watoto tisa wanarudi kwenye tangawizi, na shemeji anapata kitu cha kutaja zaidi ya saa.

Gari likapiga honi. Tone la kwanza la mvua likagonga bati. Mrutu akaandika "Mwalimu", kalamu ikasimama.

"Andika, Mrutu," akasema Mwalimu Namsifu taratibu. "Andika unachokiamini. Mimi sitakuchapa."

Na mimi naishia hapo hapo, kalamu iko juu ya karatasi na honi inalia. Mlicheka sana, sasa chukueni kalamu ninyi. Baada ya neno "Mwalimu", jina la nani lifuate?