Nyati Alipoicheua Adhabu ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ndiyo pakawa ya watu waliokula wakashiba? Na nyinyi wakubwa mwitike, msiwaachie watoto kazi yote. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia.

Hapo kale, wanyama wakisemezana kama mimi na nyinyi, jua liliwaka mwaka mmoja mpaka nyasi zikawa vumbi. Likabaki bwawa moja tu. Maji ya wote. Na sheria ilikuwa moja: asichimbe yeyote kwenye ukingo wa bwawa.

Ngiri aliijua sheria hiyo. Aliijua vizuri! Lakini mchana mmoja wenzake wamelala kivulini, yeye njaa inamkeketa, akaona mizizi minono pale ukingoni. Akapiga magoti, kama ngiri wanavyokula. Chimba, chimba. Pua ndani, meno ndani. Mara ukingo, pwaa! Maji yakatoka, chururu, chururu, yakamezwa na mchanga. Likabaki tope.

Angeweza kukimbia. Hakukimbia. Akapiga kelele, "Jamani, amkeni! Nimewaua!"

Wanyama wakamzunguka. Kicheche, fundi wa maneno, akaruka mbele. "Afukuzwe! Aende nyika ya chumvi, leo hii!"

Wote wakaitikia, "Afukuzwe!"

Na nyika ya chumvi, wanangu, haina hata tone la maji. Kumpeleka huko ni kumuua. 

Wakampeleka kwa Bi Nyati, hakimu wao. Nyati akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya nini? Akalala chini, akaanza kucheua! Mcha, mcha, mcha. Ndiyo desturi ya baraza lile: hakimu akishaisikia kesi, hatoi adhabu mpaka amalize kucheua. Hasira za watu zishuke, na zake pia.

Kicheche akawaka. "Bi Nyati, kosa amelikiri mwenyewe! Unatafuna nini tena?"

"Kukosa amekosa, hilo limekwisha," Nyati akasema. "Sasa natafuna adhabu. Wewe kama una joto, nenda kaoge. Aa, maji hakuna. Basi kaa."

Mcha, mcha. "Ngiri aliwahi kukosa kabla ya leo?"

"Hajawahi," wakajibu.

Mcha, mcha. "Nani aliyewaamsha?"

Wakatazamana. "Yeye mwenyewe."

Mcha, mcha. "Na nani ameumia zaidi?"

Akajitokeza Kanga, mama wa vifaranga wachanga wasioweza kwenda mbali kutafuta maji. Analia. "Leo namchukia Ngiri, sifichi. Lakini mkimfukuza, wanangu watakunywa nini? Vumbi alilotimua?"

Nyati akameza. Akasimama.

"Ngiri, kosa lako ni kubwa. Umegusa uhai wa wote, na sheria uliijua. Hutoki hivihivi. Pua iliyoharibu ndiyo itakayotengeneza. Utachimba bondeni mpaka maji yatoke. Yakitoka, utakunywa wa mwisho mpaka mvua inyeshe. Ukitoroka, nyika ya chumvi inakungoja."

"Adhabu gani hiyo, ndogo hivyo!" Kicheche akasema.

"Kachimbe naye kidogo, kisha urudi useme tena."

Ngiri akachimba. Jua kichwani. Magoti yakachubuka, pua ikavimba. Akalia, akachimba. Huku vifaranga wanalamba tope, na tope linakauka. Chimba, chimba. Mpaka siku moja udongo ukawa baridi, ukalowa, na chemchemi ikapasuka, bwabwabwa!

Vifaranga wakanywa kwanza. Akanywa mama yao, wakanywa wengine wote, hata Kicheche, tena bila neno. Ngiri kasimama nyuma, ulimi nje. Zamu yake ilipofika, Kanga ndiye aliyemwita.

"Njoo, baba. Kunywa. Asante."

Ngiri hakunywa kwanza. Akamwendea Nyati, machozi yanamtoka. "Asante, mama. Hukunionea, wala hukunidekeza. Umeniacha niwe wenu bado."

Ndipo akanywa, gudu, gudu, gudu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Basi shikeni hili, wadogo kwa wakubwa. Anayetoa adhabu atulie kwanza. Alipime kosa, amjue aliyekosa, amsikilize aliyeumizwa. Adhabu iume, ndiyo, lakini isimmalize anayeweza kutengeneza alichoharibu.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, na hapo naiacha. Asanteni kwa masikio yenu.