Mkia wa Nyati wa Lihangu

Wadogo kaeni mbele, wakubwa sogeeni nyuma yao. Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni mwa hadithi hii kuna kazi, na kazi hiyo ni yenu.

Katika kijiji cha Lihangu, kule kusini ambako mashamba ya mtama yanakomea na msitu wa wanyama unaanzia, walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza aliitwa Somoe. Alikuwa mtunza stoo katika kituo cha askari wa wanyamapori, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Aliweza kuuliza swali moja mara tano bila kuona haya, mpaka apate jibu la kuridhisha.

Wa pili aliitwa Fundi Likunja, mtengenezaji wa mashine za kusaga. Kipaji chake kilikuwa katika vidole. Aliweza kufumba macho, akapitisha kidole juu ya chuma, kisha akakuonyesha mahali kilipopinda.

Wa tatu aliitwa Kindamba, askari wa kituo kile. Kipaji chake kilikuwa kutulia. Nzi aliweza kutua juu ya kope lake, akasafisha miguu, akaondoka, Kindamba asipepese.

Na alikuwapo Bi. Siwema. Huyu hakuwa na kipaji ambacho watu walikitaja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mkubwa aliyeitwa Mfaume, na hadithi hii inamhusu yeye kuliko wote.

Asubuhi moja Mfaume alikwenda bwawani kukata matete ya kuezekea jiko la mama yake. Ndani ya matete alilala nyati dume, mzee, aliyekwisha kufukuzwa na wenzake. Mguuni alikuwa na waya wa mtego wa majangili, umezama kwenye nyama, na maumivu yalikuwa yamemtia wazimu. Mfaume hakupata hata nafasi ya kuangusha panga lake akimbie.

Sasa sikilizeni desturi ya Lihangu. Mtu akiuawa na mnyama, kigoda chake hugeuzwa, miguu ikatazama juu, na hakuna anayekigusa. Mnyama akiuawa, mkia wake huletwa kwa mfiwa. Ndani ya siku saba mfiwa huutoa mkia ule kwa yule aliyemwondolea adui. Anayeupokea hukigeuza kigoda, akakikalia, na tangu siku hiyo ni mtoto wa nyumba ile. Atalima na mama, atamuuguza, atamzika. Mkia haukatwi vipande, na kigoda hakikaliwi na wawili.

Basi Bi. Siwema alipokuwa akikitazama kigoda cha Mfaume kila asubuhi, hakuwa akifikiria nyati peke yake. Alikuwa akijiuliza atazeeka na nani.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Kindamba aliichukua bunduki ya shabaha ya kituo, ile yenye darubini, akaenda bwawani. Alimwona nyati. Lakini ng'ambo ya pili tembo walikuwa wanakunywa maji, majike na watoto wao. Kindamba alikuwa na hasira, maana Mfaume alikuwa rafiki yake. Akafyatua haraka. Akakosa.

Mlio ulipasua bonde lote. Tembo wakajua umetoka upande wa msitu, wakakimbia kuelekea upande mwingine, na upande mwingine ulikuwa kijiji. Nyumba kumi na moja zilivunjwa. Mungu alisaidia, hakufa mtu. Lakini wazee wakasema, "Bunduki isilie tena pale bwawani." Na nyati akabaki, akijificha karibu na tembo waliokuwa wamerudi, kama anayejua wanamkinga. Akina mama wakaacha kuteka maji bwawani, wakawa wanatembea mwendo wa saa mbili kuyafuata mtoni.

Hapo ndipo afisa wa wilaya alipotoa kibali cha kununua kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza mlio. Askari wanakiita sailensa. Fedha zilikuwa chache, zile tu zilizobaki kwenye mfuko wa kijiji baada ya kununua buti na mafuta ya gari. Somoe akatumwa mjini, na afisa akafuatana naye kwa ajili ya hati.

Kabla ya kuondoka, Somoe alipita kwa Bi. Siwema kumuaga.

"Kitaua mlio kabisa?" Bi. Siwema aliuliza.

"Hapana, Mama. Kinaupunguza, na kinamficha aliyepiga. Tembo watasikia kitu, lakini hawatajua kimetoka wapi. Asiyejua hatari iko wapi hajui akimbilie wapi."

Dukani muuzaji aliweka sailensa tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa.

"Hii, dada yangu, ukiifunga, hata mkeo chumba cha pili hajui umepiga."

"Sina mke, kaka. Bei yake?"

Muuzaji akaitaja. Somoe akageuka kumtazama afisa. "Ametaja bei ya sailensa au ya duka zima?"

Ya pili ilikuwa nyepesi na bei yake ilikuwa ndogo. Somoe aliomba ijaribiwe kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Risasi ya kwanza ilipiga katikati. Ya pili ikasogea kidogo. Ya tatu, chuma kilipopata moto, ikakwenda upande mwingine kabisa.

Ya tatu ilikuwa nzito, ndefu, imechubuka, imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Risasi ilipiga chini ya alama, kushoto, upana wa kiganja.

"Umeona?" muuzaji alisema. "Hiyo inapotosha."

"Piga tena."

Ikapiga palepale.

"Ifungue, uifunge upya, upige."

Palepale.

"Tena."

"Dada, wewe ni mnunuzi au hakimu?"

"Tena, kaka yangu, tafadhali."

Palepale. Somoe akanunua ile nzito iliyochubuka. Alimweleza afisa kwamba kosa lisilohama mtu anaweza kulizoea akalisahihisha, lakini kosa linalohamahama halina dawa. Na kwa fedha zilizobaki alinunua risasi ishirini za mazoezi, ambazo asingezipata kama angechukua ile inayong'aa hata kwa mkopo.

Ila Somoe naye alikuwa amekosea. Kule Lihangu, bunduki iliyomkosa mnyama aliyeua mtu hufungwa kitambaa cheupe na haifunguliwi mpaka arobaini ya marehemu ipite, kisha ni hiyo hiyo tu inayoruhusiwa kummaliza mnyama yule. Somoe hakuthubutu kuifungua ili kupima mdomo wake. Alipima bunduki nyingine ya kituo, inayofanana nayo kama pacha. Arobaini ilipopita, kitambaa kikafunguliwa, na sailensa ikakataa kuingia. Bunduki zile hazikuwa pacha. Na mfuko wa kijiji haukuwa na hata nauli ya kurudi mjini.

Bi. Siwema alipoambiwa, alirudi kwake akakaa chini, mgongo ukiegemea ukuta, akitazama kigoda chenye miguu juu. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe bado."

Ndipo Fundi Likunja alipoitwa. Afisa akamruhusu kwa maandishi kutengeneza pete ya chuma ya kuunganisha mdomo na kifaa. Fundi aliifunga karakana yake kwa siku tisa. Wenye mahindi walikuja kugonga wakitaka mashine zao, akawajibu kwa kupitia dirishani, "Twangeni kwa mchi, bibi zenu walitwanga!"

Siku ya tano Bi. Siwema alimpelekea uji. Alikuta pete nne zimetupwa sakafuni.

"Hizi zina nini, Fundi? Naona nzuri."

"Zimepinda."

"Mbona sioni?"

"Hata mimi sioni, Bi. Siwema. Kidole ndicho kinaona. Risasi ikipita humo huku pete imekaa upande kwa unene wa unywele, itagusa chuma, na Kindamba hatarudi na uso wake."

Pete ya saba ndiyo aliyoikubali. Siku ya kuijaribu, watu wote walirudishwa nyuma. Fundi Likunja akakataa kurudi. Alisimama bega kwa bega na Kindamba.

"Mzee, nenda kule," Kindamba alisema.

"Kama nimekosea, siwezi kukuachia wewe peke yako makosa yangu. Piga."

Kindamba akapiga. Haukuwa kimya, lakini haukuwa mlio ule wa zamani pia. Ulikuwa kama mtu aliyepiga kofi ubao wa mlango. Fundi akajishika uso kwa mikono miwili, akaukuta upo, akacheka mpaka akakohoa.

Zamu ya Kindamba ikafika. Alizitumia zile risasi ishirini kwa siku kumi, mbili kila siku, akijifunza kulenga mahali asipotaka kupiga ili apige anapotaka. Kisha akaingia kwenye matete na kulala kifudifudi. Siku ya kwanza mtoto wa tembo alisimama nyuma ya nyati; Kindamba akakiondoa kidole. Siku ya pili upepo uligeuka, nyati akainua pua, akatembea kuja mpaka hatua ishirini kutoka alipolala. Angeweza kufyatua kwa hofu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini nyati alikuwa anamtazama uso kwa uso, na nyuma yake kulikuwa na tembo. Kindamba hakupumua. Nyati akageuka.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Bi. Siwema alikuwa uani akipepeta mchele. Alisikia kitu kidogo, kama mlango wa jirani unaofungwa. Akaendelea kupepeta. Hakujua kwamba wakati ule aliyemuua mwanawe alikuwa amepiga hatua nne, akapiga magoti, akalala. Tembo waliinua masikio, wakatazama huku, wakatazama kule. Kisha jike mkubwa akarudisha mkonga wake majini, na wengine wakamfuata.

Jioni mkia uliletwa. Siku sita Bi. Siwema alikaa nao. Siku ya saba asubuhi, kijiji kikakusanyika uani kwake, na wale watatu wakaketi mkekani mbele ya kigoda.

Kindamba alianza. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Desturi inasema mkia ni wa aliyeua. Aliyeua ni mimi. Na siku ile niliyokosa, niliwavunjia watu nyumba, nikakuongezea siku za msiba. Nipe nafasi nilipe kwa jembe maisha yangu yote."

"Ulimuua kwa pete ya nani?" Fundi Likunja alidakia. "Bila pete yangu ungekwenda kumpiga kwa manati."

"Fundi, una mvi kuliko Mama mwenyewe! Atakuzaa upya?"

Watu wakacheka, hata Bi. Siwema akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Fundi hakukasirika.

"Kweli nimezeeka. Lakini nina wajukuu sita, na nyumba hii haina sauti. Anayenichukua mimi anawachukua na wao. Na kumbukeni, mimi nilisimama pale wakati hakuna aliyejua kama chuma kitatuua. Kindamba alikuwa na imani na pete. Mimi niliyeitengeneza ndiye niliyekuwa na mashaka nayo."

"Lakini usingeitwa kabisa," sauti ikatoka nyuma, "kama Somoe angepima bunduki yenyewe!"

"Angeifungua vipi ndani ya arobaini?" mwingine akajibu. "Ungekuwa wewe, ungeifungua?"

Yule wa kwanza akarudi nyuma ya watu.

Bi. Siwema akamgeukia Somoe, ambaye hakuwa amesema neno. "Na wewe? Siku zote unauliza. Leo huulizi?"

"Leo naogopa jibu, Mama."

"Sema hivyo hivyo."

Somoe aliinamisha kichwa. "Sikuwapo bwawani. Sikusimama karibu na risasi. Nilisimama dukani tu, nikachagua. Ningechagua ile nyepesi, Kindamba angekosa tena, na tembo wangekimbia tena. Ningetaka ile inayong'aa, tungekuwa bado tunachanga. Hilo ndilo langu. Na kosa la kipimo nalo ni langu. Hawa wawili wana mama zao, au wana wajukuu. Mimi nimelelewa nyumba hii na ile. Sijawahi kuwa mtoto wa mtu mmoja. Lakini hilo si tendo, Mama. Usilihesabu."

Hakuna aliyecheka. Kindamba alitazama mikono yake. Fundi Likunja akavua kofia yake, akaiweka gotini.

Mwenyekiti wa kijiji akamnong'oneza Bi. Siwema kwamba jua linapanda, na jua la siku ya saba likitua mkia ukiwa bado ndani, kigoda kitachomwa moto na nyumba itabaki bila mtoto milele.

Bi. Siwema akasimama. Alijua kwamba ukimwondoa Somoe, nyati yuko hai. Ukimwondoa Fundi, nyati yuko hai. Ukimwondoa Kindamba, nyati yuko hai. Alijua pia kwamba wawili kati yao wataondoka leo uani kwake wakiwa wageni, na mmoja hataondoka. Akauchukua mkia kwa mkono wa kulia. Akapiga hatua moja, ya pili, akasimama mbele ya mkeka, na mkono wake ukanyooka.

Mpaka hapo mimi naweza kuusimulia. Mkono umenyooka, watatu wameketi, na mama anasubiri mtu amwambie lililo haki. Haya, wewe uliye mbele, na wewe uliye nyuma kabisa: mkia huu ungempa nani? Na wale wawili utakaowarudisha kwao, ungewaambia nini?