Anwani ya Mwatumu

Mwatumu aliuza visheti katika kibanda cha Bwana Nassoro, mwenyekiti wa kamati ya madrasa, aliyejisifu kila siku kuwa alihitimu chuo cha Kurani akiwa mdogo. Mwatumu aliwapata wateja wake wote kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Asubuhi moja Bwana Nassoro alimjia.

"Nipe ukurasa huo, ama uhame leo."

Bi Zuhura, jirani yake, alimpokea Mwatumu mtoto aliyembeba, bila kuombwa. Mwatumu akafikiri.

"Nikikupa, nitakaa hapa mwaka mzima bila maneno?"

"Mwaka mzima. Bi Zuhura shahidi."

Mwatumu akabonyezabonyeza simu, akabadilisha anwani ya ukurasa, kisha akaandika kwenye karatasi. "Anwani ya kuingilia hii hapa, na neno la siri. Inasomeka, baba?"

Watu walikuwa wakitazama. Bwana Nassoro aliikodolea macho karatasi kwa muda.

"Inasomeka vizuri sana," akasema, akaitia mfukoni.

Kesho yake alirudi akinong'ona. "Mwanangu, hizi herufi za Kiarabu niandikie kwa herufi za kawaida. Miwani imenipotea."

"Pole, baba. Anwani yenyewe imesajiliwa kwa herufi hizohizo, ukizibadilisha huingii. Lakini usihangaike, namwita mwalimu wa madrasa akusomee."

"Usimwite mtu!" Akairudisha karatasi haraka. "Ukurasa kaa nao."

"Na mwaka wangu?"

"Na mwaka wako. Ila sema polepole, binti, wanakamati wanapita."